Mshale Uliogoma Kupanda

Nyumbani walimwita Kiguu na Njia, kwa sababu hakuwa binti wa kukaa kitako. Hata akila, alikula huku mguu mmoja ukielekea mlangoni. Jumamosi hiyo, siku ya mechi ya ugenini, alizidi. Tangu alfajiri alikuwa amevaa sare ya netiboli, akaivua asije akaichafua, kisha akaivaa tena ndani ya ovaroli ya mama yake, ambayo miguu yake ilibidi ikunjwe mara kadhaa.

Mama yake alikuwa fundi umeme wa magari. Juma zima, kila Kiguu alipotoka shule, wawili hao walikuwa wakibadilisha geji kwenye dashibodi ya lori la mjomba, lori la pua ndefu ambalo marehemu babu alilinunua kabla mama hajazaliwa. Walifunga geji mpya ya mafuta. Wakafunga ya joto, wakaipima kwa kuchovya kihisi chake kwenye maji ya moto hadi mshale ukapanda. Ilibaki ile ya oili, inayoonyesha kama oili inasukumwa vizuri kulainisha injini. Asubuhi hiyo mama aliitwa kutengeneza gari la mkate lililokataa kuwaka, akamwachia binti yake kazi iliyobaki. Alimwonya asiridhike na mshale wa injini baridi. Angoje mpaka injini ipate moto.

Kungoja ndiko Kiguu asikokuweza. Wachezaji wenzake walikwisha kukaa kwenye mabenchi ya nyuma ndani ya lori, ambalo ndilo lililokuwa liwapeleke kwenye mechi, wakiimba na kugonga mbao kwa visigino. Mwalimu wa michezo alikwenda huku, akarudi kule, macho kwenye saa.

Kiguu alipomaliza kuifunga geji mpya ya oili, mjomba akapiga stata, na mshale ukapanda vizuri. Kiguu akatamani kuvua ovaroli hapo hapo, lakini akajizuia, akabaki kwenye kiti magoti yakimcheza. Injini ikapata moto. Mshale ukaanza kushuka taratibu, ukalala karibu na sifuri. Mjomba alikanyaga mafuta, nao ukatikisika tu kama mtu aliyeamshwa asiyetaka kuamka.

Mjomba akacheka. Alisema geji za siku hizi ni za mchezo, na kwamba ile ya babu haikuwahi kushuka hata siku moja, mlimani wala bondeni. Akaamua irudishwe ili safari iende, mengine yatatazamwa Jumatatu. Kiguu alishukuru moyoni. Mjomba akazima injini, akaenda kuinamia chini ya boneti kufungua mrija wa oili, naye Kiguu akaitoa geji ya zamani kwenye boksi la vyuma chakavu.

Ilikuwa kiganjani mwake, haikuungwa na mrija wala waya. Hata hivyo mshale wake ulisimama katikati kabisa, mahali pa salama. Akaigonga kwa kidole. Akaitikisa, akaigeuza juu chini. Mshale haukusogea.

Mjomba alikuwa bado ameinama, na hakuna mwingine aliyeona. Akinyamaza, punde wangekuwa barabarani. Akatembea hadi mlango wa lori, akarudi, akafuta kioo cha geji kisichohitaji kufutwa, akaenda tena. Kule nyuma wenzake walikuwa wanaanza wimbo mwingine.

"Mjomba, hebu shika hii," alisema mwishowe.

"Ifunge, mwanangu, tumechelewa."

"Haijaungwa popote. Lakini inasema oili iko sawa."

Mjomba aliipokea, akaitikisa, akaipuliza. "Labda imekwama leo," alisema, lakini sauti ilimpungua.

"Na kama ilikwama zamani?"

Mjomba aliiweka geji juu ya tairi, akajifuta mikono, akaenda kumweleza mwalimu kwamba lori haliondoki.

Wimbo ulikatika. Wasichana walishuka mmoja mmoja wakinung'unika. Nahodha wao alimpita Kiguu na kumwambia kwa sauti ya chini, "Ungenyamaza tu, tungefika." Kiguu alilizunguka lori, akalizunguka tena, akijiuliza kama alifunga vibaya ile geji mpya na kuwaharibia wote safari yao.

Mama alirudi akiwa ndani ya gari la mkate, ambalo sasa lilikuwa linanguruma vizuri. Aliposikia yaliyotokea, aliiunga geji mpya kwenye injini ya gari hilo. Mshale ukapanda na kutulia panapostahili. Basi geji haikuwa na kosa. Mama na mjomba wakaingia chini ya lori, wakamwaga oili na kufungua bakuli lake lililo chini ya injini. Chujio lililokuwa ndani lilikuwa limezibwa na uchafu mweusi, mzito kama lami. Mama alisema kwamba kwa mzigo ule injini ingenoki, yaani ingeharibika na kukwama, kwenye mwinuko wa kwanza, na lori lililojaa watoto likizimika mlimani, Mungu ndiye ajuaye.

Nahodha alikuja kuchungulia. Alilitazama chujio, kisha akachukua kitambaa, akachuchumaa kando ya Kiguu aliyekuwa akilisafisha, akaanza kusugua.

Mwalimu aliwapigia simu wenyeji, nao wakakubali mechi ichezwe jioni. Chujio lilisafishwa, oili mpya ikatiwa, geji mpya ikarudishwa mahali pake, na injini ikawashwa hadi ikapata moto sawasawa. Safari hii mshale ulipanda, ukakaa. Mama akamkabidhi mjomba ufunguo, Kiguu akapanda kiti cha mbele.

Mjomba hakuondoa lori mara moja.

"Ile geji ya zamani niliipenda kwa sababu kila siku iliniambia ninachotaka kusikia," alisema. "Hii mpya ikasema kweli, nikaitukana. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilitaka kuyaficha maradhi ya lori hili huku nyinyi mmo ndani yake. Wewe uliitaka safari hii kuliko sote, na bado ukasema. Shika hivyo hivyo, mwanangu. Kweli ikikuchelewesha, kubali kuchelewa."

"Nimeelewa, Mjomba," alijibu Kiguu. "Twende basi."