Chumba cha Lugano

Kinusi kilitambaa ukutani, kikapita juu ya picha ya harusi, kikateremka hadi kwenye mto wa kochi na kutulia hapo. Kilikuwa chombo cha mviringo, kama mfuniko wa sufuria ulioota miguu, na kazi yake ilikuwa kunusa. Kilichambua jasho, mafuta ya nywele, hata pumzi iliyowahi kutua kwenye kitambaa, kikajua ni vya nani na ni vya zamani kiasi gani. Kisha kilichora ramani ya harufu za nyumba nzima kwenye kioo cha mkononi, kila mtu na rangi yake.

Subilaga, mhandisi aliyekibuni, alikuwa amekaa sakafuni nyumbani kwa baba yake, Uyole, Mbeya, akiitazama ramani hiyo. Baba yake, mzee Ambakisye, alikuwa kijani. Alijaa kwenye kiti chake, jikoni, na pale mlangoni anapopenda kusimama kuangalia mambo ya watu. Mama yake, Lugano, alikuwa zambarau. Lugano alifariki miaka sita iliyopita, lakini kwenye ramani alikuwa bado anazunguka nyumba yake: pembeni mwa jiko, kwenye pazia, kwenye kochi. Chumba cha nyuma, alichougulia, kilikuwa zambarau tupu.

Yote hiyo ilitakiwa iondoke kabla ya kesho, maana kesho mtoto wa mbwa analetwa.

Miaka hiyo wagonjwa wa kisukari walikuwa wanapandikizwa mbegu ya damu chini ya ngozi, punje ndogo inayopima sukari wakati wote na kupiga kelele ikishuka. Wenye bahati, lakini. Mwili wa mzee Ambakisye, mkaidi kama mwenyewe, uliikataa mbegu ya kwanza, ukaikataa ya pili, na ya tatu nusura imuue. Mwezi uliopita jirani alimkuta ameanguka bafuni, hajitambui, maji yanatiririka. Ndipo madaktari walipokumbuka kitu cha kale kuliko mashine zao zote: pua ya mbwa. Labrador aliyefundishwa vizuri huinusa sukari inapoanza kushuka, mgonjwa mwenyewe bado anapiga soga.

Tatizo ni kwamba mtoto wa mbwa humchagua mtu wake katika wiki za mwanzo, na humchagua kwa harufu. Nyumba moja kule Tukuyu haikusafishwa. Mbwa wao akaichagua harufu ya mke aliyekwisha kufa, akawa analala mlangoni kwa marehemu akimlinda, huku mume anazimika sebuleni. Ndiyo sababu Subilaga alitengeneza Kinusi. Unachagua rangi ya kubaki, nacho kinapita nyumba nzima kwa mvuke wake kikifuta nyingine zote. Alishasafisha nyumba nyingi, na wenye nyumba waliokuwa wakisitasita aliwaambia kwa sauti yake ya kitaalamu kwamba ni harufu tu. Sasa alikuwa kwao, na kinyozi hajinyoi.

Kwa hiyo alijitafutia kazi nyingine. Aliziba upenyo chini ya uzio. Alipandisha nyaya zote juu ya kimo cha meno. Alikusanya viatu vya baba yake na kuvifungia kabatini, na mzee akabaki anamfuata nyuma na soksi zake.

“Na huyo mbwa atalala wapi?”

“Ndani, Baba. Karibu na kitanda chako.”

“Ndani.” Mzee aliifikiria habari hiyo. “Baba yangu alikuwa na mbwa wanne. Hakuna hata mmoja aliyeijua rangi ya zulia letu.”

“Huyu ni daktari wako.”

“Basi nitamwita Daktari. Na atakula nini, huyo Daktari? Ugali na dagaa?”

“Ana chakula chake maalumu.”

“Haya. Siku hizi mbwa ana chakula maalumu, mimi nakatazwa sukari.”

Subilaga alicheka. Mzee naye alicheka, kisha akaketi na kukinyooshea Kinusi kidole. “Washa mashine yako, mwanangu. Umezunguka nyumba hii tangu asubuhi kama kuku anayetafuta pa kutagia.”

Subilaga hakuiwasha. Alisema labda wangekibakiza chumba cha nyuma, wakaziba vizuri chini ya mlango.

“Mbwa ana pua au hana?”

“Anayo.”

“Basi.”

“Lakini, Baba, umekifunga miaka yote hii. Hata dirisha hutaki lifunguliwe. Nikikifuta hutampata tena Mama. Mimi niliwahi kuchukua khanga yake, nikaiweka kwenye mfuko usiopitisha hewa, nikaenda nayo kwangu Dodoma. Haikuchukua muda ikanuka Dodoma.”

Mzee Ambakisye alitazama mikono yake, mikono ya fundi wa reli mstaafu, yenye makovu ya moto.

“Mimi sinusi kitu, Subilaga. Tangu ile homa, mwaka ule ule aliotutoka mama yako. Hata chai naijua kwa joto lake tu.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ungeniletea mashine.”

Ni kweli, angeleta.

“Sasa chumba ulikuwa unamfungia nani?”

“Wewe. Kila ukija, hata hujanisalimia vizuri, unasema unakwenda kuweka begi. Begi gani linawekwa mpaka uji unapoa? Nilikuwa nakusikia ukivuta pumzi mle ndani. Nikasema, acha kikae hivyo hivyo. Siku nikilifungua dirisha, huyu mtoto atakuwa anafuata nini huku?”

Subilaga aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko msiba wenyewe. Alitaka kusema kwamba alikuwa anamfuata yeye. Lakini alijua safari zake zilivyokuwa, na baba yake naye alijua.

Waliingia chumbani pamoja. Mzee aliketi kitandani.

“Kabla hujamfuta,” alisema, “niambie ananukiaje. Nimeshasahau.”

Subilaga alifumba macho. “Majani ya chai. Si ya kunywa, yale mabichi yanayonyaushwa kiwandani.”

“Alikuwa anarudi nayo kwenye nywele kutoka kazini. Endelea.”

“Sabuni ya mche. Mafuta ya mgando. Moshi wa mkaa, kidogo. Na kitunguu, mikononi.”

“Kitunguu hakikutoka hata siku ya harusi,” mzee alisema. “Nilimvisha pete nalia, watu wakadhani ni mapenzi.” Alijifuta macho kwa kiganja. “Ndaga, mwanangu, asante. Sasa washa.”

Akawasha. Kinusi kilipita kikitoa mvuke wake, na mzee akaomba kioo ili aone. Zambarau ilianza kupungua kitandani, ikaondoka kwenye pazia, ikaondoka jikoni. Aliifuata kwa kidole hadi ikabaki tone, kisha ikawa hakuna. Hewa ya chumba ilikuwa kama ya ndani ya friji mpya, ila mzee hakuijua.

“Na hii bluu hapa mlangoni ni ya nani?”

“Ni mimi, Baba.”

“Ndogo hivi?”

Mzee aliigusa bluu ile kwa kidole.

“Nayo inafutwa?”

“Inafutwa. Na siruhusiwi kulala hapa mpaka mbwa akujue vizuri. Miezi miwili, pengine zaidi.”

Mzee aliitazama ile bluu ikififia mpaka kioo chote kikabaki kijani, rangi yake yeye peke yake. Alimrudishia mwanawe kioo.

“Miezi hiyo ikiisha,” alisema, “uje uirudishe.”