Mswada Usio na Jina

Asubuhi hiyo msichana alikuwa anapiga pasi blauzi ya kazini huku akifanya mazoezi ya kukataa watu.

"Tunashukuru kwa kutuletea mswada wako, ila kwa sasa..."

"Ila kwa sasa nini?" dada yake akadakia kutoka kitandani. "Unamkataa mtu au unamwomba chumvi? Kaza sauti!"

"Dada, ni mwandishi, si mwizi."

"Haya, mhariri. Angalia usiunguze kola."

Mhariri hakuwa bado. Alikuwa kwenye majaribio katika kampuni ya kuchapisha vitabu, kazi aliyoiota tangu yuko shule. Alikuwa analetewa miswada, anasoma, anasema upi unafaa. Ukurasa wenye jina la mwandishi ulitolewa kwanza, ili msomaji asimpendelee mtu. Halafu Mama Mhariri, bosi wao, alikuwa na sheria yake: aliyeukataa mswada ndiye anayempigia mwandishi, na sababu anazitaja kwa mdomo wake mwenyewe.

Leo ilikuwa simu yake ya kwanza. Mama Mhariri akaiweka simu ya mezani kwenye spika, akavuta kiti.

"Nataka nikusikie, mwanangu. Leo ndiyo nitajua kama unabaki au unaenda."

Msichana akabonyeza namba aliyoandikiwa, ngeni kwake.

"Haloo?"

"Habari yako. Naongea na mwandishi wa *Taa ya Jirani*?"

"Ndiyo! Ndiyo mimi! Ngoja nizime hiki kifeni."

Kile kifeni kinachokoroma anakijua. Sauti anaijua zaidi. Ni Fundi, mpenzi wake, anayekaa kutwa nzima kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Miaka yote ya mapenzi yao, hakuwahi kumwambia kwamba anaandika.

"Haloo? Mbona kimya?" Kisha sauti ikashuka. "We... mpenzi? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa mbona unaongea kama watu wa benki?" Akacheka. "Wamekubali, eti? Sema basi, usinitese!"

Mama Mhariri akapandisha nyusi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uusome bila kujua. Nilijiambia, akiupenda bila kujua ni mimi, basi nina la kusema mbele ya baba yake. Siji kwenu na bisibisi tu mkononi. Nakuja kama mtu."

Machozi yakamlenga. Mbele yake kulikuwa na maoni yake mwenyewe, aliyoyaandika juzi akijiona mjanja kweli. Mama Mhariri akabonyeza kitufe, Fundi asiwasikie.

"Naweza kumpa msomaji mwingine. Lakini niambie, ulichoandika ulikimaanisha?"

"Nilikimaanisha, Mama."

"Na sasa?"

"Bado nakimaanisha. Ndiyo shida."

Mama Mhariri akabonyeza tena kitufe. Akarudisha sauti.

"Hatuuchukui," msichana akasema.

"Nani? Nyinyi, au wewe?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyeukataa."

"Ungenidanganya hata kidogo, jamani. Watu si wanadanganyana?"

"Nikikudanganya mimi, utaenda kuambiwa ukweli na watu wasiokupenda. Na mimi nitakuwa nimekaa pembeni najifanya sijui."

"Haya. Sema kosa lake."

"Unaandika vizuri, Fundi. Ile sura ya mvua kwenye bati niliirudia. Lakini yule mwanaume anamsifia mpenzi wake kitabu kizima. Macho yake, shingo yake, mwendo wake. Hajamuuliza swali hata moja. Hajui anaogopa nini. Hajui anataka nini. Yule dada anacheka tu na kukubali."

"Yule dada ni wewe," Fundi akasema taratibu.

Msichana akafumba macho. Hapa angeweza kunyamaza.

"Nimeusoma mwanzo mpaka mwisho. Sikujitambua."

Pumzi ikasikika kwenye spika, nzito. Halafu laini ikakatika.

Mama Mhariri akavua miwani, akaifuta kwa kanga aliyojitupia mabegani, akaivaa tena.

"Kanawe uso. Ukirudi, kuna mswada mwingine mezani."

"Kwa hiyo nimebaki?"

"Umebaki, mwanangu. Wala usidhani nimefurahi."

Kwenye korido, wale wa chumba cha majalada walikuwa wanabishana kama jalada la kitabu liwe jekundu au bluu. Wakamwona, wakampisha, akawapita. Akaegemea ukuta karibu na sinki, akatoa simu. Akaandika, akafuta. Akaandika tena. Kila neno lililokuja lilikuwa la ofisini, na yeye alitaka la kwake.

Mwisho akatuma hivi:

"Nimekataa mswada, sijakukataa wewe. Jioni nipo nyumbani. Njoo, lakini usije kunisifia. Niulize naogopa nini. Niulize nataka nini. Nitakujibu yote, na mimi nina yangu ya kukuuliza."

Tiki zikageuka bluu. Amesoma.

Akasubiri. Kioo kikazima, akakiwasha kwa kidole. Kikazima tena, akakiwasha tena. Ujumbe wake ulikuwa pale pale, na chini yake hapakuwa na kitu.