Nakala Aliyoiacha Mwizi

Kabla hakujapambazuka, Inspekta alisikia bati la jikoni likivuja. Tone, kimya, tone, ndani ya beseni. Kisha sauti ikafifia, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Alijua ni mume wake, fundi cherehani mstaafu, ameweka kitambaa ndani ya beseni ili matone yasimwamshe mkewe. Yeye alikuwa macho zamani, lakini alitulia vile vile. Mtu akikufanyia wema wa namna hiyo, unamwacha aumalize.

Saa kumi na moja na robo simu ikalia.

"Mama, samahani kwa kukukatizia usingizi," alisema askari wa zamu. "Ile ofisi ya kutafutia watu jamaa zao imeibiwa."

"Imeibiwa nini?"

"Hapo ndipo nimekwama. Milango mizima, kompyuta zote zipo. Wao wanasema wameibiwa kila kitu."

Mume wake alichungulia mlangoni na kikombe mkononi. "Kunywa chai kwanza."

"Nitakunywa nikirudi."

"Ukirudi itakuwa ya kunawia miguu."

Akanywa nusu, amesimama, kisha akatoka kwenye mvua.

Ofisi ilikuwa orofa ya tatu, juu ya duka la vipuri, vyumba vitatu vyenye harufu ya makoti yaliyolowa. Ilianzishwa baada ya mafuriko ya miaka kumi na saba nyuma, mto ulipovunja kingo zake na kubeba mtaa mzima. Watoto waliokotwa juu ya mapaa na ndani ya mapipa, wakapelekwa kambini, na kutoka kambini watu wenye huruma wakawachukua mmoja mmoja. Wazazi wengi walikufa. Wengine hawakufa, wakabaki kutafuta. Picha za watoto, maelezo ya waliowachukua, maelezo ya wanaotafuta, vyote viliingizwa kwenye kompyuta, na makaratasi yenyewe yakaliwa na ukungu yakatupwa.

Watu watatu walimngojea. Mkurugenzi, mzee mwenye miwani mizito, alikaa ameshika kichwa. Kijana wa kompyuta, ambaye wote walimwita Waya kwa wembamba wake, alikuwa akigonga vibonye kama anayepapasa gizani. Na Dada Mkubwa, mtunza kumbukumbu, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi pale tangu siku ya kwanza, alikuwa akimimina chai.

"Kunywa, Mzee wangu," alimwambia Mkurugenzi. "Usilie. Zitapatikana."

Inspekta akavuta kiti karibu na Waya. "Nieleze polepole, mwanangu. Mimi kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi."

Waya akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Mama, kazi zetu zote zinakaa mtandaoni. Barua, picha, folda za watoto. Kila usiku mtambo unanakili kilichobadilika na kukiweka kwenye hifadhi nyingine mbali na hapa. Hiyo ndiyo bakapu. Huku kukiungua, kule kuna nakala."

"Na sasa?"

"Huku kumefutwa na kule kumefutwa. Jana Jumatano, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Nimeona leo alfajiri, ripoti imekuja tupu."

"Ripoti gani?"

"Kila asubuhi inaingia kwenye simu yangu na ya Mzee. Ukifuta folda moja tu, inaitaja namba yake, na mimi nairudisha kwa kubonyeza mara moja. Huwezi kuficha kitu kimoja humu."

"Nani anaweza kufuta bakapu?"

"Mwenye ufunguo, yaani neno la siri. Kuna wangu na wa Mzee." Akashusha sauti. "Umetumika wa Mzee, kwenye kompyuta ya Mzee."

Mkurugenzi akainua kichwa. "Mimi jana niliondoka saa kumi kwenda kliniki ya macho! Na neno langu la siri halijui mtu."

"Mzee, ofisi nzima tunalijua," alisema Waya. "Unalitamka kwa sauti ukiwa unaliandika."

Dada Mkubwa akacheka bila kutaka, halafu akaziba mdomo. Hata Inspekta alilazimika kukohoa. Lakini simu ya mezani ikalia, na Mkurugenzi alipoiweka chini uso wake ulikuwa wa majivu.

"Muuguzi," alisema. "Kuna mama hospitalini, figo zimegoma kabisa. Daktari hampi wiki. Bintiye alipotea kwenye mafuriko akiwa na miezi minne. Juma lililopita Dada Mkubwa alikwenda wodini kuchukua maelezo yake, na kesho Waya angeendesha programu ya kuyalinganisha na folda zote. Mama huyo anauliza kama kesho bado ni kesho."

Mvua ilipiga dirisha.

Inspekta aliwahoji mmoja mmoja. Dada Mkubwa alisema aliondoka saa kumi na moja, akapitia sokoni, akafika nyumbani kwake kumpikia bintiye mwenye mitihani. Alijibu kwa upole, macho chini. Waya alisema aliondoka saa tisa akaenda nyumbani kulala.

"Mwanangu, nimempigia dada yako unayeishi naye," alisema Inspekta. "Uliingia saa mbili usiku, umevaa tai. Unalalaga na tai?"

Waya alipeleka mkono shingoni, kama tai bado ipo.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu na Mzee hana fungu la kukuongeza. Neno lake la siri unalijua. Mitambo unaijua. Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kuomba kazi kwingine," alisema Waya, machozi yakimlenga. "Nilikaa ukumbini kwao mpaka wakafunga, hawakuniita. Niliona aibu. Mzee alinichukua wakati hakuna aliyenitaka, halafu anione namkimbia?"

"Kuna aliyekuona?"

"Nani anamwangalia mtu aliyekaa ukumbini, mama?"

Maelezo yalikuwa mepesi mno, na Inspekta hakuyapenda, ingawa kijana mwenyewe alimpenda. Akamwambia achukue koti, waende wote kituoni. Walipofika mlangoni, Dada Mkubwa akasimama ghafla hata kikombe kikapinduka.

"Mama Inspekta, ngoja. Mmetazama kule tulikokuwa tunahifadhi zamani?"

"Zamani wapi?" aliuliza Waya.

"Kabla hujaja. Tulikuwa na hifadhi nyingine mtandaoni. Tuliihama, lakini sidhani kama iliwahi kufungwa. Mzee, hukumbuki?"

Mkurugenzi alikunja uso, kisha akakumbuka. Waya alikaa chini na koti lake mwilini. Ilimchukua muda kuingia. Alipoingia, akapiga kelele ambayo ilimtoa mwenye duka la vipuri hadi kwenye ngazi.

"Zipo! Mzee, zipo zote! Mtu amezinakili jana mchana, kabla ya kufuta!"

Mkurugenzi alilia waziwazi, akamkumbatia Waya, akamkumbatia Inspekta, akaikumbatia na kompyuta. Dada Mkubwa alifuta chai iliyomwagika, taratibu, mpaka meza ikakauka, na bado akaendelea kufuta.

Inspekta hakufurahi. Alikwenda dirishani akatazama watu wakikimbia na mifuko vichwani. Miaka yote ya kazi amewaona wezi wa kila aina, wanaovunja, wanaochoma, wanaopaka kinyesi ukutani. Hajapata kumwona anayebeba mali yote ya mwenyewe, akaiweka pakavu kwanza, ndipo akaiba.

"Waya, iendeshe hiyo programu yako sasa," alisema. "Tusingoje kesho."

Waya aliiendesha. Wote waliinama kwenye kioo. Jibu lilikuja: maelezo ya mama wa hospitalini hayakulingana na folda yoyote.

"Basi mtoto alikufa," alisema Mkurugenzi kwa sauti ndogo. "Nitamwambiaje?"

"Usimwambie kitu bado. Waya, folda zina majina?"

"Hapana, namba tu zinazofuatana. Ni kulinda siri za watoto."

"Hebu zipitishe, nione hazikuruka."

Kijana alizipitisha kwa kidole, midomo ikicheza. Kidole kikasimama. "Mia mbili na kumi na mbili. Mia mbili na kumi na nne." Akamtazama Inspekta. "Ya kumi na tatu haipo."

"Wewe unajua ndani yake kulikuwa na nini?"

"Sina ruhusa ya kufungua. Mimi naona namba na uzito. Wanaofungua ni Mzee na..."

"Mzee wangu," Inspekta alimgeukia Mkurugenzi, "unapotaka kusoma folda unafanyaje?"

"Macho haya? Husomewa na Dada Mkubwa."

Kiti cha Dada Mkubwa kilikuwa kitupu. Inspekta alimkuta kwenye kijichumba cha vyombo, akisuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa. Akafunga mlango nyuma yake na kuchukua kitambaa, akaanza kuvikausha.

"Mdogo wangu," alisema, "nilijiuliza mtu anafutaje folda mia kadhaa kwa sababu ya moja. Halafu nikakumbuka alivyosema Waya: ukifuta moja, asubuhi inatajwa na inarudishwa. Zikifutwa zote, hakuna atakayejua ipi ndiyo iliyokuuma."

Maji yaliendelea kutiririka.

"Waya hakuijua hifadhi ya zamani, hakuwepo. Mzee aliijua lakini kuona hawezi. Ukabaki wewe. Na bado nisingekupata. Asubuhi nzima watu wanalia, wewe unawaambia zitapatikana. Nilidhani ni upole tu. Kumbe ulikuwa unajua ziko wapi. Ungenyamaza, leo kijana yule angelala ndani, na wewe ungekuwa salama."

"Ana tai moja tu," alisema Dada Mkubwa. "Aliivaa jana, nikajua anakwenda kuomba kazi. Ningemwachaje?"

Akafunga bomba. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ikichuruzika maji.

"Nilikuwa najitolea kambini," alisema. "Waliniletea kitoto, hakilii tena, kimechoka kulia. Kimefungwa kwenye koti la mvua la mwanamume, koti limekatwa mkono mmoja. Niliuliza kambi nzima. Niliuliza mwaka mzima, Mama Inspekta, kweli niliuliza. Halafu siku moja nikaona siulizi tena. Nikaombea asitokee mtu."

"Ukaja kufanya kazi hapa."

"Nilisema nitasaidia wengine wapatane, labda nitasamehewa kwa wangu. Folda yake niliingiza mwenyewe, na jina langu ndani kama mlezi. Juma lililopita nikakaa kando ya kitanda cha yule mama, kalamu mkononi. Akaniambia mume wake alikata mkono wa koti lake la mvua, akamfanyia mtoto kofia. Akafa maji akiwa amempandisha mtoto kwenye bati." Akajifunika uso. "Niliandika. Mkono wangu uliandika vizuri kabisa. Nikarudi nyumbani nikamkuta binti yangu anasoma, akaniuliza, mama, mbona umelowa? Ningemwambia nini?"

"Kwa nini hukuzifuta zote moja kwa moja, bila kuacha nakala?"

"Wale wengine wamenikosea nini? Nimemsomea Mzee folda zao, najua kila mmoja alivyookotwa. Sikuweza." Akatoa simu mfukoni, akaifungua, akampa. "Hata hiyo moja sikuweza kuifuta. Ndiyo picha yake pekee ya utotoni."

Kwenye kioo kitoto kilitoa macho makubwa kutoka ndani ya koti lililokatwa.

Inspekta aliitazama kwa muda. Moyo ulimwambia airudishe simu mfukoni kwa mwenyewe na kufungua mlango. Lakini kule wodini kulikuwa na mtu anayeuliza kama kesho bado ni kesho, na kimya kingemwonea yeye peke yake, asiyeweza kusimama kujitetea.

"Kesho asubuhi nitakupeleka mbele ya hakimu," alisema. "Hilo siwezi kukuondolea. Nitasema na hili la nakala, na hili la Waya. Lakini saa ya kuona wagonjwa ni saa kumi jioni, na leo haijapita."

"Niache nimwambie binti yangu mimi mwenyewe," alisema Dada Mkubwa. "Asisikie kwa mtu."

Inspekta alimngojea nje ya nyumba yake, chini ya ukingo wa bati, mvua ikimlowesha bega moja. Hakusikia kelele. Alisikia kiti kikiburutwa, kisha sauti ya msichana ikiuliza jambo lile lile mara mbili. Walipotoka, binti alikuwa na macho mekundu na viatu vya shule, na hakumshika mama yake mkono. Lakini njiani, walipofika penye dimbwi, alimfunika kwa mwavuli bila kumtazama.

Mgonjwa alikuwa kitanda cha dirishani, amekonda hata shuka halikuonyesha kama kuna mtu. Muuguzi alikuwa amemchana nywele. Binti alisimama mbele yake ameganda, hajui mikono aiweke wapi. Mgonjwa hakusema jina wala hakulia. Alimtazama paji la uso, masikio, vidole, kama mtu anayehakiki mzigo uliochelewa sana njiani.

"Unakula vizuri?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Shule?"

"Nina mitihani."

"Kaa basi. Usichoke."

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda. Baada ya muda mkono wa mgonjwa ukaupata wake, na binti hakuuondoa.

Dada Mkubwa alikuwa amebaki mlangoni pamoja na Inspekta, amejibanza ukutani. Mgonjwa akamwona.

"Wewe si ndiye uliyekuja kuniandika?"

"Ndiye mimi," alisema Dada Mkubwa. "Na ndiye niliyemlea. Nilijua siku ile ile. Nikakuficha."

Mgonjwa alifumba macho, akayafumbua, akamtazama kwa muda mrefu, na hasira ilipita usoni mwake wazi wazi, ikapita ikaisha, maana hata hasira inataka nguvu. Kengele ya wageni ikalia. Muuguzi akajitia hamnazo, akawapa dakika zaidi. Binti akainuka, akavuta shuka la mgonjwa hadi begani.

"Kesho njoo tena," mgonjwa alimwambia. Kisha akainua kidole kuelekea mlangoni. "Na wewe. Usimwache aje peke yake."