Aliyeitika Sinema

Skolastika alikwenda kumchukua mtoto tu. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mahindi ya kijiji cha Litapunga, na kaka yake Ambrosi alikuwa amesema, "Mlete Prisila kabla giza halijaingia."

Prisila, binti wa Ambrosi, alikuwa na miaka sita. Mama yake, Mariana, alizikwa mwezi wa pili mwaka huo, tisini na nne.

Nyuma ya kanisa, Alois, mtu wa mashine ya sinema, alikuwa ametundika shuka ukutani. Jenereta linanguruma, petroli inanuka. Watoto wamekaa chini, mbavu hawana kwa kicheko: mzungu mnene, uso mweupe pe, anatumbukia kwenye pipa la unga, anatoka, anatumbukia tena. Mdomo unaenda. Sauti hakuna.

"Misukule hao," alinong'ona mama Ngolo, jirani yao. "Wamekatwa ndimi. Huoni wanavyotembea?"

Skolastika akachemka. Kule chuoni hakuna aliyewahi kumnyamazisha kwenye mdahalo.

"Mama Ngolo, jamani! Ni picha za zamani, walikuwa hawajajua kutia sauti. Maneno kama haya ndiyo yanawaua bibi zetu kwa mapanga, eti wachawi!"

"Haya, msomi. Sisi macho tu."

Watoto wakaangua kicheko tena. Prisila hakucheka.

"Shangazi... mama ananiita."

Skolastika akatazama. Nyuma ya yule mzungu kulikuwa na umati wa watu mtaani. Na katikati yao... mwanamke mwenye kitenge. Au kivuli? Picha ilijaa mikwaruzo. Mdomo wa mwanamke ukafunguka, ukafumba. Ukafunguka tena.

Mama Ngolo akamshika mtoto bega. "Usiitike, mwanangu! Jua likishazama, anayekuita humjui ni nani. Kaa kimya!"

Hapo ndipo hasira ilipompanda Skolastika kichwani. Kumtisha yatima mbele ya wenzake!

"Mwache! Itika, Prisila. Itika kwa nguvu, waone kwamba hakuna kitu."

Prisila akasimama.

"Abee, mama!"

Jenereta likazima.

Kimya... Watoto arobaini, hata kikohozi hakuna. Halafu ikaja harufu. Udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa asubuhi hiyo.

Mwanga uliporudi, Skolastika alimlazimisha Alois arudishe mkanda. Akaurudisha mara mbili. Umati ulikuwepo. Mwenye kitenge hakuwepo.

"Dada, hii ilipigwa Ulaya kabla babu yako hajaoa," Alois alisema huku akifuta jasho. "Kitenge kitoke wapi?"

Pembeni yao Prisila alikuwa anacheka, kinywa wazi mpaka magego yanaonekana.

Sauti hakuna.

Daktari mjini Mpanda alimulika koo. Zima kabisa. Ni mshtuko tu, akasema, itarudi yenyewe. Hii ni wiki ya tatu. Kila magharibi mtoto anageuza shingo upande wa makaburini, anatulia, anasikiliza.

Jana magharibi Skolastika alipiga magoti uani, Prisila kando yake.

"Wifi Mariana... mimi ndiye niliyemwambia aitike. Kosa ni langu. Nakuomba, mwachie—"

Kidole kidogo, cha baridi, kikamziba mdomo. Shangazi alikuwa anampigia kelele, mtoto hasikii anachoambiwa.

Prisila akageukia makaburini, akasikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtoto aliyetumwa.

Kisha akaanza kutafuta viatu vyake.