Aliyepiga Picha kwa Magoti

Maiti ilikutwa asubuhi na wachimba mchanga, imelala kifudifudi juu ya mawe chini ya jabali, pale mto unapoanguka kwa kishindo. Hadi polisi wanafika, wachimba mchanga walikuwa wamekwisha kukata shauri.

"Kateleza huyu," alisema mkubwa wao. "Wapiga picha wanatembea kinyumenyume kama kaa."

Inspekta alisogea mbele. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. Kituoni walimwita Sindano, kwa kuwa aliingia taratibu na maumivu yakafuata.

Alichuchumaa kando ya marehemu. Mwanamume wa makamo, mikono ya fundi, suruali imeshonewa viraka vya mpira wa tairi kwenye magoti. Viraka vilijaa tope jekundu. Huku chini kulikuwa na mawe na mchanga mweupe tu. Mkoba wa kamera ulikuwa bado begani, wazi, mtupu.

"Labda kamera imekwenda na maji, Afande," alisema koplo.

"Labda. Twende juu."

Juu ya jabali udongo ulikuwa mwekundu na mbichi kwa manyunyu. Hatua moja kutoka ukingoni kulikuwa na mabonyeo mawili madogo, yamekaa sambamba. Inspekta aliyatazama kwa muda mrefu.

"Hapa mtu alipiga magoti," alisema. "Na aliyepiga magoti hatelezi, Koplo. Husukumwa."

Mchana daktari wa uchunguzi wa maiti alimuunga mkono. Marehemu alikuwa na jeraha katikati ya mabega, alilolipata akiwa hai. Kwenye koti lake, mahali hapo hapo, palikuwa na alama ya soli ya kiatu.

"Teke," alisema daktari. "Moja tu, la mtu aliyesimama nyuma yake."

Marehemu alikuwa fundi wa lifti. Siku za kazi alishinda ndani ya mashimo ya giza ya majengo marefu, akipaka grisi na kukaza nyaya. Siku za mapumziko alitundika kamera shingoni, akapanda basi lolote linalokwenda mbali, na kushuka mahali ambapo hakuna mtalii aliyewahi kushuka. Watu walimwita Tulia, maana hilo ndilo neno alilowaambia aliotaka kuwapiga picha.

Mkewe alimpokea Inspekta kwa macho yaliyovimba.

"Pole sana, mama. Mumeo alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Ugomvi? Mwanangu, yule hata mbu alikuwa anamfukuza kwa kumwomba radhi."

"Jana alitoka na nani?"

"Alisema anakwenda na mwenzake. Sikuuliza nani. Nilimwambia tu asisahau sweta." Alionyesha sweta iliyoning'inia mlangoni. "Akasahau."

Alimwingiza kwenye chumba cha nyuma. Inspekta alivuka kizingiti, akasimama ghafla.

Kuta zote zilikuwa picha. Wapakuaji wa meli wakioga kwa bomba moja, wakicheka. Msichana akijifunza kuendesha baiskeli inayomzidi kimo. Mzee akimnyoa mzee mwenzake, ulimi umemtoka kwa umakini. Wote walikuwa watu wasio na cheo, lakini mbele ya macho ya Tulia walionekana kama wenye nchi. Inspekta alikuwa ameona picha nyingi kazini, nyingi za kutisha. Hizi zilimfanya atamani kuwajua watu.

"Kwa nini wote wanaonekana warefu?" aliuliza.

"Alikuwa anapiga magoti. Alisema ukimwinamia mtu humwoni. Na kila aliyempiga picha, alirudi kumpelekea nakala yake, hata iwe safari ya siku nzima. Nauli zetu zote ziliishia huko." Mjane alitabasamu kidogo. "Mimi nilinung'unika, lakini moyoni nilijivuna."

Pembeni palikuwa na mfululizo wa picha za bibi mmoja mvunja kokoto: akibeba, akipumzika, akicheka na pengo lake. Picha ya bibi akiinua nyundo kuvunja mawe haikuwamo.

"Picha alisafishia wapi, mama?"

"Studio ya rafiki yake, pale sokoni. Tangu ujana wao."

Mwenye studio alikuwa mtu mrefu, suruali nyeupe imepigwa pasi ikanyooka. Alilia kidogo, akajifuta, akatoa kiti. Nyuma yake, ndani ya fremu ya dhahabu, bibi mvunja kokoto alikuwa ameinua nyundo juu ya kichwa, kilemba kile kile, jua limemkaa begani. Chini yake ilining'inia medali.

"Hongera," alisema Inspekta. "Kazi yako?"

"Yangu, dada. Ilishinda mwaka huu."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kichwa kiliniuma."

"Mlionana lini na Tulia?"

"Wiki iliyopita."

"Picha hii uliipiga umesimama?"

"Nimesimama, ndiyo. Mimi magoti yangu mabovu."

Inspekta aliinua macho. Pichani nyundo ilikuwa juu ya usawa wa kamera, uso pia, hata mawe ya mbele: aliyeipiga alikuwa chini, hakusimama. Aliaga kwa adabu.

Siku iliyofuata alikwenda machimboni. Bibi alimtambua Tulia kabla hajamaliza kuonyeshwa picha.

"Huyu? Huyu mwanangu. Alipiga magoti kwenye mawe haya mpaka nikamwambia, baba, utatoka damu. Njoo uone."

Ndani ya kibanda chake, juu ya kitanda, picha ya nyundo ilikuwa imebandikwa, imeanza kufifia kwa moshi.

"Alikuletea lini, bibi?"

"Kabla ya mvua za mwaka jana. Alisema hii ndiyo anayoipenda kuliko zote."

"Na mtu mrefu wa suruali nyeupe, unamjua?"

"Hapa? Na suruali nyeupe?" Bibi alicheka hadi akashika ubavu.

Inspekta alirudi studio na hati ya upekuzi. Katika chumba cha giza koplo alikuta kamera ya Tulia imefungwa kwa taulo. Chini ya beseni palikuwa na viatu vyenye tope jekundu. Soli ililingana na alama ya kotini. Juu, kwenye kamba, filamu ilikuwa imetundikwa ikauke, na kando yake picha moja iliyokwisha kusafishwa.

Mwenye studio aliketi sakafuni na suruali yake nyeupe.

"Ulimuua kwa ajili ya medali?" aliuliza Inspekta, baada ya kumpa onyo la kisheria.

"Hapana, Afande. Medali nilikuwa nayo tayari." Aliitazama filamu iliyotundikwa. "Wenye shindano waliniomba picha nyingine za namna ile, kwa maonyesho. Sikuwa nazo. Maisha yangu yote nimefanya kazi hii, sijawahi kupiga hata moja kama zake. Yeye alikaza nyaya wiki nzima, akatoka mara moja tu, akarudi na dunia."

"Kwa hiyo mkaenda maporomokoni."

"Nilikwenda kutubu. Nikamweleza kila kitu. Nilijiandaa anitukane, anipige. Unajua alisema nini? 'Basi angalau watu wamemwona bibi.' Akaniambia nichague picha nyingine ninazotaka. Akacheka. Kisha akageuka, akapiga magoti, akaanza kupiga picha maji."

Alifunika uso.

"Jambo lililoninyima usingizi miezi, kwake lilikwisha kwa kicheko. Niliona nitaishi kwa hisani yake mpaka kufa. Mguu ukanyanyuka. Angenitukana tu, Afande, leo angekuwa hai."

"Kamera ulishuka kuichukua. Kwa nini hukuitupa mtoni?"

"Nilipomaliza kutubu alinipiga picha. Nilitaka kujua aliniona vipi."

Inspekta aliitoa picha kwenye kamba. Mwenye studio alikuwa amesimama dhidi ya mbingu, machozi mashavuni, amechoka, amenyooka. Alionekana mtu mwema aliyetua mzigo mzito. Picha haikuwa na hila hata chembe.

"Sijawahi kupigwa picha nzuri kama hiyo," mtuhumiwa alinong'ona, akanyoosha mikono kupokea pingu.

Kituoni Inspekta aliiweka picha ndani ya bahasha ya vielelezo. Alishika kalamu. Kisha akaandika: *Mtuhumiwa, kama alivyoonwa na marehemu.*