Yasmini Sikio la Kulia

Tikiti maji lilimponyoka Nawres katikati ya msongamano wa soko la Ijumaa la Mahdia, mji wa pwani ya Tunisia, likapasukia mbele ya meza ya vitambaa vya hariri. Maji mekundu yakaruka hadi kwenye shati jeupe la mwenye meza.

"Uwii, nimekuchafua!"

"Aa, umenikaribisha." Kijana akaokota kipande, akakiuma. "Tamu. Ila wateja wengine hununua kwanza, ndipo wanirushie matunda."

Aliitwa Wajdi, mfumaji wa hariri. Nawres alikuwa mwalimu kutoka Kef, milimani, amekuja na mama yake, Bi Zohra, kwa wiki moja. Walipanga chumba kwa familia iliyohamia darini msimu wa joto, wakaja na sufuria yao ya kuskusi na mwavuli uliofungwa kwa kamba. Likizo ya kujibana, lakini maji ya bahari hayamuulizi mtu amelala hoteli gani.

Siku tano mfululizo Wajdi aliwafuata ufukweni, nywele ndefu zikimfunika masikio. Bi Zohra alijifanya kasinzia.

"Mwalimu, leo umenipa maksi ngapi?"

"Sifuri. Umechelewa."

"Basi nibakishe darasani, mpenzi."

Nawres akacheka mpaka akaona haya. Alikuwa amependa, tena vibaya, na Ijumaa wanaondoka.

Alhamisi magharibi wakaahidiana kukutana mkahawani. Wajdi akaja na shati la buluu lililopigwa pasi, na kishada cha yasmini sikioni. Sikio la kulia. Mwanamume asiye na mtu huweka yasmini kushoto. Anayeweka kulia ana mtu wake tayari. Hilo Tunisia nzima hata mtoto analijua. Nawres akageuka kabla hajaonwa.

Simu ikalia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokea.

"Nawres, uko wapi? Kahawa imepoa!"

"Hongera."

"Ya nini?"

"Usinifanye mtoto. Nimeona kwa macho yangu." Akakata, akalia kwenye mto.

Asubuhi walikuwa ndani ya teksi ya abiria wanane, ambayo haiondoki mpaka ijae. Walikuwa saba. Dereva akaita, "Kef! Kef! Mmoja tu!" Mlango ukafunguliwa, Wajdi akajitupa kando ya Bi Zohra akihema.

"Unakwenda wapi wewe?" Nawres aling'aka.

"Kef."

"Una nani Kef?"

"Nimekaa naye gari moja."

Gari likaondoka.

"Na huyo wako wa yasmini ya kulia umemuaga?"

Wajdi akasogeza nywele za upande wa kushoto. Nyuma ya sikio kilikaa kifaa kidogo cha kusikilizia.

"Sikio hili halibebi vitu viwili. Mahdia wote wananijua, hakuna anayelisoma ua langu. Nilisahau wewe ni mgeni. Na nilikificha, Nawres, kwa sababu niliogopa utanihurumia."

Nawres akashusha pumzi aliyoibana tangu jana. Akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

"Nikuhurumie? Nimekesha nakulaani, mjinga wewe!"

Dereva akazima redio. Wajdi akamgeukia Bi Zohra.

"Mama, wazazi wangu watakuja kwa heshima zote. Lakini mimi nimetangulia. Naomba mkono wa binti yako."

"Mtu anaposa mikono mitupu, kwenye teksi?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa gari litajaa."

Abiria wakaangua kicheko. Bi Zohra alibana midomo, lakini macho yalishamsaliti.

"Unasikia vizuri upande gani?" Nawres akauliza.

"Kulia."

"Mama, tubadilishane viti."

Bi Zohra akajikokota akilalamikia magoti, na Nawres akaketi upande wa kulia wa Wajdi, bega kwa bega.

"Sasa nisikilize vizuri," akamwambia, "maana nasema mara moja tu. Nimekubali."