Nyumba ya Bluu Kwenye Shuka la Viraka

"Hilo ni shati langu!"

"Shati liko wapi, Mwalimu? Mimi hapa naona kilima, naona mto, naona nyumba."

"Hiyo nyumba ndiyo shati langu! Huo ni mfuko wangu wa kifuani!"

Fundi akashika kiuno. Mchana kweupe, uani kumejaa nguo mbichi na masikio ya majirani, na mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili, mtu asiyepandisha sauti hata darasa likiungua, alikuwa anafoka kama kaporwa kiwanja. Katikati yao, kwenye kamba, lilining'inia shuka la viraka ambalo Fundi na shoga yake Msusi walikuwa wanalishona kwa wiki tatu sasa. Hawakuchora, hawakupima. Huyu anaweka kipande, yule anaweka chake pembeni, na sharti ni moja tu: kilichoshonwa hakifumuliwi. Suruali ya kijani ikawa shamba. Pazia kuukuu likawa mto. Na juu ya kilima cha kaki, mfuko wa shati la bluu ulisimama kama nyumba, kifuniko chake ndiyo paa.

"Matambara yale alituletea dada yako mwenyewe," Msusi alidakia. "Gunia zima, na baraka juu."

Mwalimu akatoa simu, akawaonyesha ujumbe wa dada yake: "Shati la bluu lenye doa la wino? Nimempa Fundi kwenye lile gunia la matambara. Kwani lina nini?"

"Haya, na sisi tunauliza hivyo hivyo," Msusi akasema. "Lina nini?"

Mwalimu akageuza uso, na kugeuka kule ndiko kulikomshtua Fundi. Miaka miwili wamegawana ukuta. Alikuwa anajua hata kikohozi chake. Zamani hazipiti siku mbili hajabisha hodi kuomba sindano. Wiki hizi tatu salamu zake zimekuwa za mbio mbio, kama za mtu anayekimbia mvua. Fundi alikuwa ameumia, na aliyejua hivyo ni Msusi peke yake.

"Nifumulie huo mfuko tu," Mwalimu akasema kwa upole. "Nitakuletea kitambaa kizuri zaidi."

"Hatufumui."

"Kuna karatasi ndani."

Fundi akaibonyeza nyumba. Kweli, ikalia, kwaru kwaru. Akamgeukia Msusi, maana nyumba ile alishona yeye.

"Shoga, ulijua?"

"Nilisikia inalia, nikadhani risiti."

Msusi alitabasamu; uongo ule ulikuwa na meno thelathini na mawili nje.

"Karatasi ya nini, Mwalimu?"

"Ya... ya zamani. Haina maana tena. Si vizuri ikalale kwenye kitanda chako cha ndoa."

"Kitanda changu cha nini?"

"Si ni shuka la harusi? Mtaa mzima unajua."

Msusi alicheka mpaka akajishikiza kwenye kamba, soksi za watu zikadondoka.

"La harusi yangu, baba! Ninayeolewa ni mimi! Huyu ananisaidia tu, yeye hata mchumba wa kusingizia hana!"

"Asante sana kwa kunitangaza," Fundi akasema.

Mwalimu akamtazama huyu, akamtazama yule, midomo ikicheza kama anayerudia hesabu aliyoikosea.

"Kwa hiyo wewe huolewi?"

"Na nani? Na cherehani?"

Basi ndiyo sababu ya salamu za mbio!

"Sasa sikieni," Msusi akasema. "Shuka ni langu. Siwezi kumlaza mume wangu chini ya karatasi ya mwanaume mwingine. Ikilia usiku wa kwanza, asubuhi nimesharudishwa kwa wazazi. Fumueni."

"Sharti ni sharti," Fundi akajibu, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Hakifumuliwi kitu. Aliyeandika yupo hapa na mdomo anao. Aseme."

Simu yake ikatetemeka. Hatua mbili mbele yake, Mwalimu alikuwa anarudisha ya kwake mfukoni. Fundi akasoma kwa sauti: "Naomba tuzungumze pembeni. Watu wanatuangalia."

"Watu tumeshakaa," akasema jirani wa dirishani. "Usituangushe."

Mwalimu akafuta jasho.

"Nilianza na 'Kwako Fundi'. Nikafuta. Nikaanza tena, mara saba." Akaunyooshea mfuko kidole. "Niliandika kwamba sindano ninazo, pakiti nzima. Nilikuwa nakuja kukuona. Niliandika kwamba nakupenda, na kama utaridhia, nije kwa mama yako kwa heshima. Mwisho nikaweka tarehe na sahihi."

"Tarehe ngapi?"

"Saba, mwezi wa pili."

"Leo mwezi wa sita! Miezi minne unatembea na mimi mfukoni?" Fundi alikuwa anacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Ungebisha hodi siku ile, ningefungua kabla mkono wako haujashuka."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Mwalimu gani huyu asiyejua jibu likiwa sahihi! Ndiyo!"

Vigelegele vikaanzia dirishani, vikaruka ukuta, vikaenda mpaka saluni. Msusi akalivuta shuka kambani, akamfunika nalo shoga yake mabegani, kilima na mto na nyumba.

"Chukueni shuka na barua yenu. Harusi yangu bado mwezi, kesho tunaanza jingine. Na safari hii nakagua mifuko yote!"

Mama yake Fundi akatokea mlangoni kwao, mwiko mkononi, uso umekaza ila macho yanamsaliti.

"Kelele zote hizi nimezisikia, na nimesikia na mimi nimetajwa." Akampima Mwalimu kuanzia viatu mpaka utosini. "Anayekuja kwangu kwa heshima haachwi kusimama juani. Nawa mikono, baba. Ingia ule."